Mistari Mitatu ya Baba

Mzinga umelala varandani kwangu tangu Jumatatu, na nyumba nzima inanuka nta na moshi wa zamani. Hiyo ndiyo harufu aliyokuwa nayo baba yangu akishuka mtini. Mume wangu ameuliza mara mbili kama utakaa hapo, nami nimemjibu mara mbili kwamba utakaa. Ni gogo tu, limetobolewa katikati na kuzibwa ncha zote mbili kwa vifuniko vya mbao, na ndani hamna hata nyuki mmoja. Lakini nimeungoja mzinga huu tangu nikiwa msichana wa miaka kumi na mmoja, na sitaki mtu auguse kabla sijamaliza kuutazama.

Jumamosi tulimzika Mzee Ireri. Watu walijaa, mahema manne, sufuria za pilau zisizohesabika. Mimi nilifika mapema nikachagua kiti karibu na kaburi. Mtu akiniuliza nilifuata nini, sitamdanganya. Nilienda kuhakikisha. Niliangalia kila beleshi la udongo likiingia, na moyo wangu ulikuwa mwepesi kama wa mtu aliyetoka kuvuna.

Nyinyi mliokua miaka yetu huku nyanda za chini, ambako mvua huja kama mgeni asiyeaga akiondoka, mnajua mzinga ulikuwa nini. Kunde zingeweza kukataa, ndengu zingeweza kunyauka zikiwa na maua, mbuzi wangekonda mpaka uhesabu mbavu zao ukiwa barabarani. Nyuki hawakukataa. Mtu mwenye mizinga hakuitwa maskini. Ndiyo maana kila mzinga ulichongwa alama ya mwenyewe, na mwizi wa mbuzi alipigwa, lakini mwizi wa asali hata kuoa kwake ilikuwa taabu.

Baba alikuwa na mizinga sita. Aliichonga mwenyewe kwa tezo, nami nilikaa kwenye vumbi la mbao nikimpa maji. Alama yake ilikuwa mistari mitatu iliyosimama. Aliniambia, "Huu ni mimi, huu ni mama yako, huu mfupi ni wewe." Ule wangu kwa kweli haukuwa mfupi, aliniambia hivyo kunichokoza tu, lakini kila mzinga mpya ulipokwisha nilikwenda kupima kwa kidole.

Kisha homa ikamchukua baba kwa wiki moja. Hakuanguka mtini, hakuumwa na nyoka, hakufanya lolote ambalo mtoto angeweza kulielewa. Alilala, akazikwa, na mizinga ikabaki juu ya miti. Huku kwetu mwanamke hapandi mti wa mzinga. Si sheria ya kanisa wala ya serikali, lakini mama angepanda, watu wangelia kana kwamba amevua nguo. Basi rafiki wa baba, rika lake, Mzee Ireri, ambaye sisi watoto tulimwita Baba Mugendi, akajitolea kuturinia. Msimu wa kwanza alileta madebe mawili ya asali. Msimu wa pili alileta moja. Msimu wa tatu hakuleta kitu, na mama alipotuma mtu kuuliza, jibu likaja kwamba mizinga ile ni yake, kwamba baba yangu, Nyaga marehemu, alikuwa akimtunzia tu.

Mimi ndiye niliyeona alama. Nilikuwa nimetumwa kutafuta mbuzi wetu aliyepotea, nikapita nyuma ya boma la Ireri, nikakuta mizinga yetu imeshushwa na kupangwa chini ikifukizwa. Mistari mitatu ya baba ilikuwepo, ya kijivu, mikavu. Lakini mmoja mpya ulikuwa umepitishwa katikati kwa kulala, mweupe, bado unanuka mti mbichi, ukaikata yote mitatu kwa mpigo. Misalaba mitatu. Alikuwa mzee wa kanisa, anakaa kiti cha mbele, anabeba sahani ya sadaka. Nani angemuuliza mzee wa kanisa kwa nini amechora misalaba?

Nilikimbia nikamwambia mama. Aliketi kwenye kizingiti akanoa panga mpaka jua likaegemea, akimwagia jiwe maji kidogo kidogo. Nilidhani anataka kwenda kukata miiba ya kuziba zizi.

Wazee wa ukoo walitaka jambo limalizwe kwa kithitu. Wale mliosahau niwakumbushe: ni kiapo cha kale, mnakiapia wote wawili, mlalamikaji na mlalamikiwa, na aliyesema uongo haponi. Watu walisema ni miezi saba. Hakuna wa kumkimbiza, hakuna wa kumpiga, mnarudi nyumbani mnangoja. Mama alikataa. Alisimama mbele ya wazee akasema ameokoka na mdomo wake hauli kiapo cha aina hiyo. Ireri akadakia haraka, nakumbuka jinsi alivyodakia, kwamba hata yeye hawezi, yeye ni Mkristo. Basi kesi ikapelekwa kwa mchungaji.

Tulikaa kwenye mabenchi ya kanisa siku ya Jumamosi. Mezani palikuwa na Biblia nyeusi yenye zipu, na mizinga ilikuwa imeletwa ikapangwa sakafuni. Mchungaji alikuwa mtu mwema aliyeogopa kelele, akasema Wakristo hawahitaji mambo ya giza, neno la mtu mbele ya Mungu latosha. Ireri akaweka mkono juu ya ile Biblia. Kufikia siku hiyo ule mstari mpya alikuwa ameshaupaka masizi, ukafanana na mingine.

"Mizinga hii sita ni yangu," akasema. "Na hii alama ya misalaba ni yangu, kwa sababu mimi nimeokoka. Mungu ananiona."

Mama aliambiwa aseme amina ili amani irudi. Alisema. Mimi niliyekuwa nimekaa nyuma yake sikusema amina, kwa sababu nilikuwa nimeshika jambo ambalo wakubwa wote walikuwa hawajalishika. Huyu mtu ameapa. Ameweka mkono juu ya kitu kitakatifu akasema uongo, tena amemwita Mungu kwa jina. Kumbe kanisa nalo lina kithitu chake! Kimefungwa zipu kikawekwa mezani, na huyu mjinga amekila mwenyewe, mama hakuapa hata neno. Nilitoka mle ndani nikitembea kwa furaha. Jioni hiyo nilichukua kisanduku cha kibiriti kitupu, nikaweka punje moja ya ndengu, moja kwa kila mwezi. Nikifikisha saba, Baba Mugendi atakuwa ardhini.

Huo ndio uliokuwa mwanzo wa imani yangu. Watu hupenda kusimulia wimbo uliowagusa, au ugonjwa, au bibi aliyewaombea. Mimi nilimwamini Mungu kwa sababu nilitaka mtu afe.

Na niliamini kweli kweli. Sikukosa Jumapili hata moja. Nilikaa benchi la tatu upande wa kushoto kwa kuwa kutoka pale niliiona shingo ya Ireri vizuri, shingo nene yenye mikunjo miwili, nikawa naichunguza kama imeanza kukonda. Mchungaji alihubiri siku moja kwamba tusilipize kisasi, hiyo ni kazi ya Mungu mwenyewe. Wengine walisikia kwamba waache kisasi. Mimi nilisikia kwamba Mungu anaifanya hiyo kazi, yuko na vifaa, unampelekea tu na kungoja zamu yako. Nilijiandikisha darasa la kipaimara kabla ya umri kamili. Nilikuwa nimesikia kwamba kiapo humshika mwongo upesi kama mwenye malalamiko ni msafi, basi nikaacha kuiba sukari, nikaacha kutukana, nikajifunza amri zote na sala zote mpaka Mwalimu Ndwiga, aliyetufundisha, akawaambia wanawake, "Huyu mtoto wa Nyaga ako na kiu ya Neno. Sijaona kama huyu."

Punje zilifika tano siku askofu alipokuja.

Kanisa lilijaa. Sisi wa kipaimara tulipangwa mbele, wasichana tumefungwa vitambaa vyeupe kichwani. Askofu alikuwa mzee mwenye sauti ya upole, na baada ya kutuuliza yale ya kitabuni, ambayo tulijibu kwa pamoja kama kuku wakirushiwa mahindi, alifunga kitabu. Akasema siku moja tutakutana na watu wasioamini, shuleni, sokoni, hata nyumbani kwetu, nao watatuuliza. Ni vizuri kila mmoja awe na jibu lake tayari, alisema, lake mwenyewe. Akaanza kutupitia mmoja mmoja.

"Wewe, kwa nini unaamini?"

Mvulana wa kwanza alisema kwa sababu Yesu alitufia. Wa pili alisema kwa sababu mama yake alimwambia, watu wakacheka. Kisha askofu akasimama mbele yangu. Nilikuwa na jibu langu mwenyewe kwa miezi mitano.

"Naamini kwa sababu Mungu ataua Baba Mugendi."

Askofu aliinama kidogo, akafikiri hakusikia. "Ataua nani?"

"Baba Mugendi. Yule pale amekaa kwa kiti ya wazee." Nilimwonyesha kwa kidole. "Alishika Biblia akasema mizinga ya baba ni yake. Ni uongo. Sasa ni miezi tano. Ikifika saba anakufa. Ndiyo maana naamini."

Mabati ya paa yalikuwa yakialika kwa jua. Halafu Ireri akacheka. Kicheko kilianza vizuri, kicheko cha mtu mzima anayemhurumia mtoto, lakini hakikufika mwisho. Kilikatikia katikati, naye akapitisha mkono shingoni. Niliuona ule mkono. Nimefurahi mara nyingi maishani, nimeolewa, nimezaa, nimejenga, lakini sijapata tena furaha kama ile ya kuuona mkono wa Ireri ukipapasa shingo yake mbele ya kanisa lote.

Mwalimu Ndwiga alinitoa nje kwa sikio. Niliambiwa sitawekewa mikono mpaka niende kumwomba mzee msamaha, na mama akaambiwa afikirie ni mafundisho gani yanatolewa nyumbani kwake.

Njia nzima mama hakunigusa wala kunigombeza, jambo lililonitia hofu zaidi ya fimbo. Tulipofika aliniambia nikae kitandani.

"Umeulizwa sababu, umejibu," alisema. "Hujakosea kujibu. Sasa kuja uone yangu."

Aliingiza mkono chini ya kitanda akatoa kitu kilichofungwa kwa leso yake kuukuu. Lilikuwa lile panga. Makali yake yalikuwa meupe, hayajagusa hata jani.

"Siku ile uliniambia kuhusu alama, nilinoa hii. Asubuhi nikaenda nayo mpaka kwa boma ya Ireri, mpaka kwa mlango ya zizi. Alikuwa amechuchumaa anakamua mbuzi, amenipa mgongo. Hakuwa amenisikia."

"Halafu?"

"Halafu nikarudi."

"Kwa nini, mama?"

"Jumapili nilikuwa nimemwambia Yesu mikono yangu ni yake. Pale kwa zizi nikaangalia huu mkono umeshika panga, nikaona si wangu wa kutumia." Akalifunga panga tena, fundo moja, fundo la pili. "Mtu akikuuliza kwa nini mama yako anaamini, mwambie aende akamwangalie Ireri. Kama bado anapumua, hiyo ndiyo sababu."

Ningependa kuandika kwamba nilielewa. Nilikasirika. Nilimwangalia mama nikaona mtu aliyefika mpaka mgongoni pa adui, na panga kali, akarudi nyumbani kupika uji. Nilijiambia kwamba Mungu wake na wangu si mmoja, na kwamba wangu ana bidii zaidi.

Jumapili iliyofuata baada ya ibada nilipelekwa mpaka njia panda, nikamalizia mwenyewe kwenda kwa Ireri, nimebeba kibakuli cha ndengu cha kuomba radhi. Nilimkuta peke yake ameegemea mlango wa jikoni, kiti chake cha miguu mitatu kimevutwa karibu na mwimo. Alikuwa amekonda. Hata bila kuchunguza ungeona. Ukosi wa shati ulikuwa umemwacha shingo.

"Umekuja kusema nini?"

"Wamesema nikuombe msamaha."

"Haya, omba."

Nilifungua mdomo kuomba. Nilikuwa nimeyakariri maneno tangu njiani. Lakini kwenye mwimo wa mlango, usawa wa bega lake, niliona mikato ya kisu, mistari iliyosimama, imepangwa vizuri. Wa kwanza ulikuwa umeanza kushika moshi, wa mwisho mpya. Nikaihesabu. Mitano.

Naye alikuwa anahesabu! Mzee wa kanisa, mbeba sahani, aliyesema mambo ya kiapo ni ya giza, alikuwa anaamka kila mwezi mpya na kuchukua kisu. Basi alijua. Kama mizinga ingekuwa yake angehesabu nini? Ibilisi, au malaika, sijui mpaka leo ni nani, alinishika ulimi. Niliweka kibakuli chini, nikagusa mstari wa tano kwa kidole kama nilivyozoea kupima mstari wangu.

"Baba Mugendi," nikamwambia kwa adabu yote, "imebaki miezi miwili."

Aliushika mwimo. "Enda nyumbani," akasema, kwa sauti ndogo kuliko yangu. Nikaenda nyumbani nikiruka ruka, nikawaambia nimeshaomba.

Mwezi wa saba haukuisha. Asubuhi moja, jua limeshapanda, Ireri aliingia kwetu na Mugendi mwanawe, kijana aliyenizidi miaka michache, wakiongoza punda wawili waliofungwa mizinga. Mzee alipiga magoti pale uani kwenye kinyesi cha mbuzi, akalia. Akasema alidanganya, akasema hajalala tangu mvua za kwanza, akamwomba mama amwondolee kifo. Nilisimama kando na kisanduku changu cha kibiriti mfukoni, nikimngoja mama amfukuze, au angalau amwache pale chini mpaka magoti yaume.

Mama alikuwa ameinjika chai. Alimsamehe kabla haijachemka. Alimwinua, wakasali, akampa kikombe kikubwa kuliko cha Mugendi. Nilihesabu mizinga chini. Ilikuwa mitano.

"Na wa sita?" nikauliza.

"Huo uliliwa na mchwa, mtoto wangu," Ireri akasema, akivuta kamasi. "Ulikwisha wote."

Mama akasema amina. Mjomba akaanza kuturinia, asali ikarudi, nami nikawekewa mikono mwaka uliofuata na askofu aliyejifanya hanikumbuki.

Ingeishia hapo ningekuwa nimemsahau. Lakini Ireri hakufa, na mbaya zaidi, alinenepa. Kila mkutano wa wokovu alisimama kutoa ushuhuda. "Bwana asifiwe! Mimi nilikuwa mwizi wa mizinga," angeanza, na wanawake wangeguna kwa raha kama watu wanaoandaliwa chakula wanachokipenda. "Mungu akanitumia malaika, mtoto mdogo, akaniambia imebaki miezi miwili!" Hapo kila mtu angegeuka kunitazama na kutabasamu. Alialikwa mpaka makanisa ya mbali. Vijana wasioamini wakiuliza Mungu yuko wapi, waliitiwa Mzee Ireri awaelezee. Aliiba mizinga ya baba, akaja akaiba na kisa chake, akaniiba na mimi pia akanifanya malaika, mimi niliyekwenda kwake kumuua kwa maneno. Na katika ushuhuda huo wote, miaka yote hiyo, hakuwahi kutaja jina la baba yangu. Ilikuwa "mizinga ya mjane mmoja." Kama vile ilikuwa imejichonga.

Na mzinga wa sita haukuliwa na mchwa. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu nilipouona, tena nikitafuta mbuzi, juu ya mgunga ulio nyuma ya nyumba yake, mrefu kuliko miti yote ya pale. Kifuniko chake kilikuwa na ufa ambao baba aliushona kwa waya nikiwa nimemshikia. Nilimwambia mama. Aliniambia, "Nyamaza. Ni mzinga mmoja." Nilinyamaza. Nilinyamaza nikasoma, nikanyamaza nikaolewa, nikanyamaza nikawa kiongozi wa akina mama kanisani, na kila nilipopita barabara ile niliinua macho nikaona nyuki wakiingia na kutoka.

Basi Jumamosi, ibada ya mazishi ikiendelea, mchungaji wa sasa, kijana mwenye bidii, akasimulia tena kisa cha malaika. Kisha akaona vijana wa Nairobi, wajukuu wa marehemu, wamekaa nyuma wanachezea simu. Akasema wako wanaodhani mambo ya Mungu ni ya wazee na washamba. "Leo tuko na yule malaika mwenyewe hapa! Mama Wanja, kuja utueleze kwa dakika tano tu, kwa nini sisi tunaamini."

Nikapewa maikrofoni.

Nilisema jina la baba kwanza. Nyaga. Nililisema mara mbili, spika ikalirudisha kutoka upande wa pili wa bonde. Nikawaambia mimi sikuwa malaika, nilikuja kwa hiyo dini kwa sababu nilitaka kumwona marehemu akifa, na kwamba marehemu alitubu kwa sababu aliogopa kufa, si kwa lingine. Hapo simu zilikuwa zimeshuka. Nikasema ninayemjua mimi aliyeamini kwa sababu nzuri ni mama yangu peke yake, nikaeleza ilivyokuwa kule zizini, mpaka mkono. Mama alikuwa mstari wa mbele, mkongojo katikati ya magoti, ananitazama bila kupepesa. Ningeishia hapo ningeketi kwa heshima.

"Na mizinga ilikuwa sita," nikasema. "Ilirudi mitano. Huyu mzee amewatolea ushuhuda miaka yote hii akiwa amekaa chini ya wa sita. Ule pale juu."

Nikanyoosha kidole kilekile. Mahema manne ya watu yaliinua vichwa kwa pamoja, askofu mstaafu, wajukuu, wapishi na miko yao. Nyuki walikuwa kazini. Mtu mmoja akasema, "Mungu si Athumani," kwa sauti ya chini, na kikohozi kikapita katikati ya watu. Nilimtazama Ireri kwenye picha yake iliyowekwa juu ya jeneza, nikarudisha maikrofoni.

Mugendi, ambaye sasa ana mvi, alinifuata tulipokuwa tunanawa mikono. Hakuwa na hasira, na hilo liliniudhi.

"Mama Wanja, si ungeniambia tu mimi? Ningeushusha siku hiyo hiyo. Kwa nini ungoje hadi mzee alazwe?"

"Sikutaka uushushe wewe," nikamwambia. "Nilitaka aushushe yeye."

Alitikisa kichwa akaenda. Jumatatu jioni alitupigia simu tuje tuuchukue, asali imeshatolewa, umebaki kukatwa waya. Mama alisisitiza kuja. Alishuka garini na furushi la leso kwapani, nami nikalitambua kabla hajalifungua.

"Tumia hii," akamwambia Mugendi.

Mugendi alilipokea panga akaligeuza. "Hii ni ya zamani sana, mama."

"Ni ya baba yako. Nilimnolea yeye."

Mugendi alikuwa mazishini, alikuwa amesikia habari za zizini. Aliweka ngazi, akapanda nalo. Akapiga waya mara moja, mara mbili. Panga lilikuwa limeliwa na kutu hata lisingekata nyasi. Ncha ilivunjika ikaanguka kwenye majani makavu. Mama alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika kiuno, meno yake machache yote nje, akamwambia Mugendi ashuke atafute plaisi ya kukatia waya. Vile vipande aliviacha hapo hapo chini, hata leso hakuiokota. Tulimrudisha nyumbani akiimba.

Leo Wanja, binti yangu, amerudi kutoka darasa la kipaimara na daftari. Wamepewa swali. Ni lile lile, kwa nini unaamini.

"Niandike nini, mama?"

"Andika ya shosho yako, ya panga."

"Hiyo najua, alinieleza. Na yako?"

Nilimwambia aende akamalize vyombo. Kisha nikatoka varandani na tezo ya baba, ambayo ndiyo chombo pekee kilichobaki chake, nimeinoa leo asubuhi. Nilitaka kuuondoa ule mstari wa Ireri, ule wa kulala, ili mitatu ya baba ibaki imesimama peke yake. Nimeujaribu kwa ukucha, nimeupima kwa kidole. Umeingia ndani kuliko ya baba. Nikichonga mpaka uishe, baba na mama na mimi tunaondoka nao. Itabidi nikae na misalaba yake mbele ya mlango wangu maisha yangu yote.

Tezo sikuirudisha stoo. Nimeifunga kwa ile leso ya mama, niliyoiokota wao wakitafuta plaisi, nikaiweka chini ya kitanda. Ina makali.